Kosa Lisilotaka Kuonekana

Kuna makosa ya aina mbili. Lipo lile linalokaa mahali pake likingoja kuonwa, kama ukuta uliopinda, na lipo lile linalokuja na kuondoka kama mwizi wa kuku. La kwanza halina taabu. Hili la pili ndilo linalotupima sisi wenye kuhukumu. Nami, niliyekalia kiti cha kuhukumu wanachuo na watumishi kwa miaka mingi, sijapata mfano wake ulio wazi kuliko gari kuukuu linalowaka leo na kukataa kesho.

Chuo cha ualimu nilichokuwa nikikiongoza mwaka 1994 kilikuwa na pikapu moja ya dizeli, iliyokuwa imekwisha tembea sana kabla ya kutufikia. Ilibeba mahindi, maharage, kuni na wagonjwa. Dereva wake alikuwa kijana mpole asiye na maneno mengi. Akaanza kuchelewa, na kila alipoulizwa alijibu kwamba gari lilikataa kuwaka. Mhasibu wetu akaingia mwenyewe, akazungusha ufunguo, likawaka. Siku nyingine, vivyo hivyo. Ya tatu, vivyo hivyo. Kisha usiku mmoja mwanachuo mwenye malaria kali akacheleweshwa kufika hospitali. Alipona, lakini hasira haikupona. Ikasemwa kijana anauza mafuta, ikasemwa ana nyumba ndogo mjini. Kikao kikaombwa kumwachisha kazi.

Hebu msomaji uitazame hoja ya mhasibu: “Nimejaribu mara tatu kwa mkono wangu, limewaka.” Yaonekana ni ushahidi mzito. Lakini tuseme gari hukataa mara moja katika kila mara kumi, bila mpango. Anayejaribu mara tatu ataliona likiwaka zote tatu kwa nafasi inayozidi 7 kati ya 10. Hata akijaribu mara kumi, nafasi ya kutoliona likikataa bado ni zaidi ya moja kati ya tatu. Itambidi alione likiwaka mara 29 mfululizo ndipo nafasi ya kudanganyika ishuke chini ya asilimia 5. Mhasibu hakuwa mtu mbaya, na hesabu za fedha alizijua kuliko mimi. Alichokiona alikiona kweli. Alichokosea ni kudhani kwamba asichokiona hakikuwapo.

Mafundi nao waliingia mtego huohuo kwa mlango wa nyuma. Mmoja alibadilisha betri, gari likawaka siku sita, akalipwa na kusifiwa. Mwingine alikwangua kutu kwenye vichwa vya betri, likawaka siku nne. Ugonjwa unaopoa wenyewe humtajirisha kila mganga.

Katiba yetu, katika ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla haijathibitika. Kikao cha chuo si mahakama, najua. Hata hivyo niliomba muda, nikampa kijana daftari aandike kila gari linapokataa: saa ngapi, injini baridi au moto, taa za dashibodi zikoje, sauti gani imesikika.

Baada ya wiki kadhaa, kurasa zake zilifanana. Injini baridi au moto, hapakuwa na tofauti. Lakini kila mara ilisikika “ta!” moja tu, injini isizunguke, na taa zibaki kali. Fundi mmoja mzee alilisoma daftari kabla hajafungua boneti. Akasema betri ingekuwa dhaifu taa zingefifia, na umeme wa swichi usingefika kwenye starta hata hiyo “ta!” isingesikika. Akalala chini ya gari na taa ndogo ya kupimia, kijana akazungusha ufunguo, akazima, akazungusha tena, asubuhi nzima. Karibu na adhuhuri likakataa. Kwenye nati inayopokea waya mnene wa betri, taa iliwaka. Kwenye nati ya upande wa pili, unaoelekea mota, giza. Ndani ya starta mlikuwa na vipande viwili vya shaba vilivyolika upande mmoja. Kisahani cha kuviunganisha kilipogusa penye shaba nzima, gari liliwaka. Kilipoangukia penye shimo, lilikataa.

Kikao kikamsamehe. Hapo ndipo ninapokwama hadi leo. Alisamehewa nini? Maneno yake yalikuwa kweli tangu siku ya kwanza, ila yalingoja shaba ije kuyatolea ushahidi. Na kama fundi angekwenda kula saa sita kasorobo? Kijana angekuwa mkweli yuleyule, bila kazi. Mtaniambia kiongozi hawezi kuendesha chuo kwa kuamini tu, na mafuta huibwa kweli. Nakubali, nimeyaona yakiibwa. Lakini “sijui bado” na “najua anadanganya” ni viti viwili mbalimbali, na nimeona watu wazima, wasomi, wakihama kutoka kimoja hadi kingine bila hata kusimama, kwa sababu cha kwanza kinachosha kukalia.

Mhasibu alimnunulia soda. Kijana aliipokea kwa mikono miwili, akanywa, akaenda kuosha gari. Pikapu haikukataa tena. Daftari lake aliendelea kulijaza kila asubuhi, tarehe, saa na neno “limewaka”, mpaka alipohama mwaka 1997, ingawa hakuna aliyemwambia aendelee.