NANI ALIYEANZISHA VITA?
(Somo: 1 Wafalme 12:1-24)



Juzi tulikuwa kwenye matanga ya mama mumoja wa kanisa letu hapa Lubumbashi. Kisha maombi, wazee wawili wakaanza kubishana juu ya vita ya mwaka 1960. Wa kwanza akasema: «Ni Wabelgiji walioileta.» Wa pili akajibu: «Hapana, ni Tshombe aliyekata inchi.» Wa kwanza akarudia: «Na Lumumba, yeye hakutuma waaskari Kasai?» Sauti zikapanda mpaka wenye kilio wakanyamaza. Wazee hao ni mashemeji. Tangu siku ile hawasalimiani. Vita iliyokwisha Januari 1963 ingali inapiganwa ndani ya nyumba ya Mungu!

Wapenzi, tuseme ukweli, maana Mungu hapendi uongo. Tulipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Wabelgiji walikuwa wametutawala miaka mingi, lakini katika jeshi hawakuwa wamemufanya Mukongomani hata mumoja kuwa ofisa. Tarehe 5 Julai jenerali wao Janssens aliwakusanya waaskari, akawaandikia ubaoni kwamba kisha uhuru mambo yatabaki kama mbele ya uhuru. Siku ile ile waaskari wakaasi. Wengine wakapiga watu, wakanajisi wanawake. Tarehe 10 jeshi la Ubelgiji likaingia pasipo ruhusa ya serikali yetu. Tarehe 11 Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga, na Ubelgiji pamoja na Union Minière wakamusaidia. Mwezi wa Agosti Kalonji akajitenga vilevile na Kasai ya Kusini. Jeshi la serikali ya Lumumba likaenda Bakwanga, likaua raia wengi. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba, Mpolo na Okito wakauawa karibu na muji wetu huu, mbele ya wakubwa wa Katanga na maofisa Wabelgiji.

Basi, nani aliyeanzisha? Tuangalie somo letu. Sulemani aliwatwika watu nira nzito. Mwana wake Rehoboamu aliacha shauri la wazee, akafuata la vijana wenzake, akawajibu watu kwa ukali. Yeroboamu akachukua makabila kumi, kisha akawatengenezea ndama za zahabu. Biblia haifichi kosa la mutu hata mumoja. Nira ya Sulemani haikumutakasa Rehoboamu, na ukali wa Rehoboamu haukumutakasa Yeroboamu. Kila mutu ameandikwa na lake.

Mufalme Rehoboamu akakusanya watu 180,000 wa vita kwenda kupigana na Israeli. Hapo Mungu akamutuma nabii Shemaya. Mulisikia alisema nini? Hakuwapa silaha, wala hakuwahesabia makosa ya upande ule mwengine. Aliwaambia wale ni ndugu zao, kila mutu arudi nyumbani kwake. Na watu 180,000 wakatii, wakarudi! Ni ajabu kubwa, wapenzi.

Sasa mimi shemasi wenu niseme langu. Marehemu baba yangu alikuwa muaskari wa jandarmeri ya Katanga. Tulipokuwa watoto alitupasha habari za maandamano, za mavazi, za ndege za Umoja wa Mataifa. Tukimuuliza juu ya vijiji vya Baluba kule kaskazini, alijibu tu: «Ilikuwa vita.» Mbele ya kufa kwake akaniita, akaungama kwamba walichoma nyumba, na ndani ya nyumba moja kulikuwa watu. Nimelificha neno hilo miaka mingi. Na juzi kwenye matanga, mimi pia nilipaza sauti: «Ni Wabelgiji!» Ilikuwa rahisi, kwa maana hapakuwa Mubelgiji pale wa kunijibu. Lakini palikuwa mama mumoja Muluba aliyeketi kimya. Sikumutazama machoni.

Dhambi ya Wabelgiji ni kweli. Bunge lao wenyewe lilichunguza, na mwaka 2002 serikali yao ikaomba musamaha juu ya kifo cha Lumumba. Lakini kiberiti kilikuwa katika mukono wa baba yangu. Adamu alionyesha mwanamuke, mwanamuke akaonyesha nyoka. Mungu aliwahukumu wote watatu, kila mumoja kwa sehemu yake.

Kwa hiyo, wapenzi, mutu akiuliza nani alianzisha, tusimunyamazishe. Vijana wetu lazima wajue. Lakini anayejibu aanze na upande wake, na nyumba ya baba yake. Vita zingine zimekuja kisha ile, 1996 na 1998, na kila mutu amebaki akinyoosha kidole kwa jirani.

Nimekwenda kwa yule mama, nikapiga magoti, nikamwambia yote. Alilia sana. Kisha akaniuliza jina la kijiji. Sikulijua. Akasema: «Tuombee wote.»

Wazee wetu wawili, ninawaomba kwa heshima: siku ya Mungu ijayo, mbele ya kuingia kanisani, mupeane mukono mulangoni. Kila mumoja aseme kosa la upande wake, si la mwenzake.

Mungu awabariki. Amina.

Shemasi wenu katika Bwana