Salamu Isiyo na Jina Lako

Watu wengi hudhani ujirani ni jambo la masafa, kwamba anayepakana nawe ukuta ndiye jirani yako na hapana haja ya kuuliza zaidi. Nami nilikuwa na itikadi hiyo mpaka usiku mmoja nilipokesha mbele ya ruta mbili zilizounganishwa kwa waya usiozidi dhiraa moja, taa zake zikiwaka kijani, ilhali hapana hata moja iliyomjua mwenziwe.

Itifaki iliyowekwa ili zipashane habari za njia ni OSPF, ambayo John Moy aliiandikia waraka wa mwaka 1998 unaofuatwa hata leo. Kwa kanuni zake ruta hutoa salamu, aghalabu kila baada ya sekunde 10, na katika salamu hiyo hutaja vitambulisho vya wenziwe iliokwisha kuwasikia. Nayo ipokeayo hutafuta humo kitambulisho chake yenyewe, na isipokiona, mtoaji salamu huhesabiwa kuwa amesikika tu, na mambo husimama hapo. Nimelitafakari sana jambo hili. Kusikia sauti ya mtu hakutoshi. Sharti naye awe amekusikia, na akutaje.

Ruta zangu zilikuwa za namna ile inayobeba majedwali kadhaa ya njia katika kiwiliwili kimoja, kila jedwali likiwa halina habari ya jingine, hata anwani 10.0.0.1 yaweza kukaa katika majedwali mawili pasipo ugomvi, mithili ya akina Juma wawili wa mitaa miwili. Nilibadilisha waya, nikapima, kimya, nikabadilisha tena. Karibu na adhana ya alfajiri ndipo nilipobaini kuwa mlango wa ruta moja ulikuwa umehamishiwa jedwali la mteja, na OSPF imeachwa katika jedwali la asili, na vipimo vyangu vyote, kwa kuwa sikulitaja jedwali, vilikuwa vikiulizia nyumba isiyokuwa yake. Kulirekebisha kosa hilo ni kazi ya dakika chache, wala sitalirefusha.

Lililonikaa moyoni ni hili: je, mja naye huwa jirani pale tu anapoitikiwa? Ruta ikipitiwa na sekunde 40 bila ya salamu humfuta mwenziwe, na kwa mashine hiyo ni busara, maana njia iliyokufa hupoteza mizigo. Lakini Surat an-Nisaa, aya ya 36, inaamuru ihsani kwa jirani wa karibu na kwa jirani mgeni pamoja, wala haikuweka sharti la kujibiwa. Haki hiyo hainyamazishwi na kimya cha upande wa pili. Naona basi kwamba kutambuana ndiko kunakoukamilisha ujirani, ama wajibu wake hutangulia, na humwangukia yule aliyesikia kwanza.

Nami nilikuwa nimesikia. Katika ghorofa ninayokaa, mlango unaokabiliana na wangu hufunguliwa kila siku saa kumi na moja alfajiri, na kwa muda wa miaka mitatu nimekijua kikohozi cha mzee atokaye humo na mburuzo wa makubadhi yake ngazini, na jina lake silijui. Asubuhi ile, niliporejea kutoka kazini, nilipiga hodi kwake.