Kupe Hawakuizoea Dawa

Ukishuka kutoka Kalambazite kwa barabara inayoukata ukingo wa Lyamba lya Mfipa, baridi ya Ufipa unaiacha juu, na joto la bonde la Ziwa Rukwa linakupokea kabla hujafika Ilemba. Huku chini, kwa miaka mingi sasa, wakulima wa Kifipa na Kiwanda wanaishi pamoja na wafugaji wa Kisukuma waliohamia na makundi yao. Ng'ombe ndiye anayelima, ndiye akiba ya nyumba, ndiye mahari. Kisa hiki nimekitunga, na wahusika wake sikuwapa majina, lakini kupe waliomo ni wa kweli.

Palikuwa na mfugaji mwenye kundi la kutosha na maksai wanne wa kukokota plau. Alikuwa mtu makini kwa kila jambo isipokuwa kipimo cha dawa. Aliwanyunyizia ng'ombe wake kwa bomba la mgongoni, na kwa kuwa chupa ya dawa si bei ndogo, aliichanganya nyepesi ili imfikishe mbali. Akiona kupe wanadondoka, hesabu yake imetimia. Mwaka wa kwanza walidondoka. Uliofuata walidondoka wengi, si wote. Kisha ikawa ananyunyizia leo, na keshokutwa akipapasa shingoni na mbavuni anawakuta wametuna damu kana kwamba hakufanya kitu.

Akaenda kwa mwalimu mstaafu aliyewahi kufundisha sayansi, mtu ambaye kijiji kizima kilimpelekea maswali yake.

"Mwalimu, hawa wa dukani wameichakachua dawa?"

"Hapana, Mzee. Kupe wameizoea. Mtu akinywa pombe kila siku, si mwisho chupa moja haimlevyi? Kiumbe akibanwa, mwili wake hujibadilisha ili aishi. Ndiyo mageuzi niliyokuwa nafundisha: twiga alihitaji majani ya juu, shingo ikarefuka. Wewe badilisha dawa tu, wakutane na ladha wasiyoijua."

Mfugaji akacheka. "Mageuzi ni yale mambo ya nyani kuwa mtu? Mwalimu, mimi tangu nizaliwe sijaona nyani akizaa mtoto wa kupeleka kliniki." Lakini ushauri wa kubadilisha chupa aliuchukua.

Mmoja aliyaamini mageuzi, mwingine aliyakataa, na wote wawili walikuwa na picha ileile kichwani: mnyama mmoja anayegeuka kuwa kitu kingine kwa kuwa amehitaji au amelazimika. Picha hiyo ina umri mkubwa. Mfaransa Lamarck aliieleza kwa ufasaha mwaka 1809, twiga wake akiwemo. Charles Darwin aliyetoa kitabu chake mwaka 1859 alikuwa na hoja nyingine kabisa, lakini katika madarasa mengi jina la Darwin hutajwa na maelezo ya Lamarck ndiyo hufundishwa. Naliona hilo ni kosa baya kuliko kutofundisha kabisa, maana anayekataa bado anauliza, ila aliyefundishwa vibaya anashauri wenzake.

Tumtazame kupe mwenyewe. Kupe wa bluu hupanda juu ya ng'ombe akiwa mdogo kama punje ya vumbi, hukaa hapohapo kama wiki tatu akinyonya na kujivua ngozi hadi awe mzima. Jike akishashiba hudondoka chini, hutaga mayai elfu mbili au zaidi, akafa. Hana muda wa kuzoea chochote. Ila katika maelfu hayo huzaliwa wachache wenye hitilafu ndogo ya kurithi, inayobadili kidogo ile sehemu ya neva ambapo sumu hujishikiza. Hitilafu hiyo haikuja kwa kuwa dawa imekuja. Ilikuwepo tangu chupa iko kiwandani, na pasipo dawa haikuwa na faida yoyote kwa aliyezaliwa nayo. Dawa ilipoingia, iliwaua wengine na kuwaachia hawa wachache ng'ombe mzima.

Hapo ndipo ubahili wa mfugaji ulipomponza. Kupe aliyerithi hitilafu kutoka kwa mzazi mmoja tu mara nyingi hufa kwa dawa iliyopimwa sawasawa, lakini kwa dawa nyepesi hupona. Mfugaji aliwaua wanyonge na kuwahifadhi hao wa katikati. Wakapandana wao kwa wao, wakazaa watoto waliorithi pande zote mbili, na hao hata kipimo kamili hakiwatishi. Kila aliponyunyizia alikuwa anachagua mbegu, kama anavyochagua dume la kupandisha, bila kujua kwamba anachagua.

Na ushahidi kwamba hayakuwa mazoea ulikuwa juu ya ng'ombe walewale. Kupe wa kahawia, yule wa masikioni anayeleta ndigana kali, aliendelea kufa kwa dawa ileile. Kama ni kuzoea, mbona yeye hakuzoea? Jibu liko katika maisha yake. Huyu hushuka majanini mara mbili kabla hajakomaa, na kila mara hupanda mnyama mwingine, hata nyati wa porini. Wengi wa kizazi chake hawajawahi kuionja dawa, na watoto wao wanyonge hurudi kuchanganyika na wengine. Kupe wa bluu hana kimbilio la namna hiyo. Karibu kizazi chake chote kiko juu ya ng'ombe siku ya bomba. Jambo hili si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1930 huko Afrika Kusini kupe wa bluu walikuwa wakitoka wazima katika majosho ya aseniki, na aina za dawa zilizofuata nazo zimepata kupe wake.

Mfugaji wetu alinunua chupa mpya yenye rangi nyingine na picha ya fahali. Haikufaa kitu. Akaongeza kipimo maradufu; ng'ombe wakatokwa machozi, kupe wakabaki. Mvua za Novemba ziliposhika, maksai mkubwa akaacha kula. Homa, ufizi ukapauka kisha ukawa manjano, kinyesi kikauka kikawa kigumu. Ni ndigana baridi, ugonjwa unaoenezwa na kupe wa bluu, na una tabia ya kuwaangusha ng'ombe wazima zaidi kuliko ndama. Alikufa huyo, akafuata mwenzake wa nira. Majaruba ya mpunga yaliyokuwa yalimwe kwa plau mwezi ule yalishikwa kwa jembe la mkono, na nusu yake hayakushikwa.

Afisa mifugo, binti wa makamo ya mwanawe wa tatu, alifika akaomba kuziona chupa zote mbili. Akasoma maandishi madogo.

"Baba, umebadilisha karatasi tu. Hii ni sipamethrini, hii ni deltamethrini. Ukiona jina linaishia na thrini, jua ni ukoo mmoja, zinashika neva mahali palepale. Kupe anayeishinda hii, na hiyo anaishinda."

"Kwa hiyo Mwalimu alisema kweli, wamegeuka?"

"Hakuna kupe aliyegeuka. Waliokufa wamekufa. Hawa unaowaona ni watoto wa waliopona."

Mzee akanyamaza, kisha akaleta lile lililokuwa likimkaa moyoni. "Na nyani?"

Binti alikuwa na jibu, na jibu lenyewe linatoka bonde hilihili, upande wa kusini. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Nancy Stevens wa Chuo Kikuu cha Ohio walitangaza katika jarida la Nature vipande viwili vya taya vilivyochimbwa katika miamba ya Bonde la Rukwa yenye umri wa miaka milioni 25. Kimoja walikiita Rukwapithecus, cha upande wa ukoo wenye sokwe na binadamu. Kingine Nsungwepithecus, cha upande wa nyani, tumbili na ngedere. Kilikuwa kipande chenye jino moja tu. Kwa wakati huo hayakuwa yamejulikana mabaki ya kale kuliko hayo kwa upande wowote kati ya hizo mbili. Maana yake koo hizo zilikuwa zimeshaachana zamani zile. Nyani anayeiba mahindi leo ana mababu zake, nasi tuna wetu; tukienda nyuma zaidi ndipo tunapokuta babu wa pamoja, ambaye hakuwa nyani wala mtu. Na hakuna mama popote katika safari hiyo aliyezaa kitu kisichofanana naye.

Mwalimu, aliyekuwa amekuja kuwafariji, akajaribu kuokoa kitu. Akasema basi kupe wa sasa wamepiga hatua, ni bora kuliko wa zamani. Nalo si kweli, na mfano uko Malawi. Vimelea vya malaria vilipoishinda klorokwini, Malawi iliiacha mwaka 1993. Utafiti wa Blantyre uliotolewa mwaka 2006 ulikuta dawa hiyohiyo ikiwaponya karibu watoto wote waliopewa. Vimelea sugu havikuwa bora. Palipokuwa na dawa vilitawala, dawa ilipoondoka vile vinyonge vikavipita. Sisi Tanzania tuliiacha klorokwini mwaka 2001, na tangu 2006 tunatumia dawa mseto, kwa hiyo asije mtu akafufua vidonge vya zamani kwa kusoma aya hii. Tena kwa kupe hakuna wa kuahidi kwamba unyonge utarudi upesi.

Afisa mifugo aliandika amitrazi, dawa ya ukoo mwingine inayoshika neva mahali tofauti, akaagiza ipimwe kwa silinda ya vipimo na si kwa macho, ng'ombe alowe hadi chini ya tumbo. Akaongeza kwamba haitadumu ikiwa kundi moja tu ndilo linalofuata utaratibu, kwa sababu ng'ombe wa Ilemba wanalisha pamoja na kupe hawajui mipaka ya zizi. Mzee alikubali kuwazungukia wenzake.

Wa kwanza kumwendea alikuwa jirani wa ng'ambo ya mto, aliyetumia dawa ile ya thrini na kuichanganya vilevile nyepesi. Alimsikiliza hadi mwisho, akampa pole ya maksai.

"Mimi wangu bado wanakufa vizuri," akasema. "Ni wachache tu wanaobaki."