Jina la Marehemu Mfukoni



Ndugu wasomaji, najua wapo watakaouliza sinema ya Marekani ya mwaka 1945 inatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiislamu. Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba sinema hiyo ilinikuta na kosa mfukoni, na baada ya kuitazama nilishindwa kuendelea kulibeba. Naomba mnisikilize hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Inaitwa Detour, yaani mchepuko, ile njia ya kuzungukia barabara kuu inapofungwa. Aliyeiongoza ni Edgar G. Ulmer, mzaliwa wa Olomouc, mji ambao leo uko katika Jamhuri ya Czech. Kampuni iliyoitoa, PRC, ilikuwa miongoni mwa zile ndogo za Hollywood ambazo watu walizibandika jina la Mtaa wa Umaskini. Husimuliwa kwamba ilipigwa kwa siku sita tu. Watafiti wa baadaye wanasema zilikuwa zaidi, lakini ukiitazama huwezi kubisha kwamba fedha hazikuwepo. Mtaa wa New York umefichwa ndani ya ukungu ili usiulize majengo yako wapi. Katika sehemu ya kuomba lifti, picha imegeuzwa kushoto kulia, na magari yanaonekana yakipita kushoto mwa barabara, jambo ambalo Marekani halipo. Mimi sikuliona kosa hilo mpaka niliposoma habari zake, kwa kuwa hapa Malawi magari hupita kushoto.

Sinema za uhalifu za namna hiyo zilitengenezwa kwa wingi wakati ule vita vikuu vilipokuwa vinamalizika na miaka iliyofuata. Zilikuwa rahisi, fupi, zenye giza jingi, na mara nyingi zilionyeshwa kama nyongeza ya sinema kubwa. Wahakiki wa Ufaransa ndio walioanza mwaka 1946 kuziita film noir, sinema nyeusi. Hii ya Ulmer iliyotengenezwa kwa shida iliwekwa mwaka 1992 katika orodha ya sinema ambazo taifa la Marekani limeamua kuzihifadhi. Mimi niliipata kwa flashi ya rafiki. Katika vibanda vya video vya Dzaleka tulizoea sinema za mapigano zilizotafsiriwa Kiswahili, na sikutarajia kwamba mzee huyu asiye na rangi angenikosesha usingizi.

Kisa chenyewe ni hiki. Al Roberts anapiga piano katika klabu ya usiku New York. Mchumba wake amehamia Hollywood, naye hana nauli, basi anamfuata kwa lifti. Njiani anachukuliwa na mtu mwenye gari zuri aitwaye Haskell, anayemeza dawa mara kwa mara. Usiku mvua inaanza, Roberts akiwa kwenye usukani. Anasimama afunike gari, anamwamsha mwenzake, haamki. Anafungua mlango, Haskell anaanguka na kugonga kichwa kwenye jiwe. Kafa. Pengine alikwisha kufa kabla ya kuanguka.

Hapo Roberts anajiambia: nikienda polisi nani ataniamini? Anauburuta mwili hadi vichakani, anachukua nguo, fedha, gari na karatasi za marehemu, kisha anaondoka na jina lake. Kesho yake yeye ndiye anampa lifti mwanamke aitwaye Vera, ambaye kumbe alikwisha kusafiri na Haskell halisi. Vera anamshika pabaya, na mambo yanakwenda hadi Vera naye anakufa mikononi mwake, kwa waya wa simu aliouvuta Roberts chini ya mlango, na tena anasema hakukusudia. Kisa chote anatusimulia yeye mwenyewe, na kila palipoharibika anaitaja bahati mbaya, mkono usioonekana uliomchagua yeye bila sababu.

Sasa yangu.

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe. Enzi za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu 10,000 hadi 12,000, na sasa tumezidi 50,000. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti juu ya baadhi ya vifungu, vikiwemo vya kazi na vya kutembea kwa uhuru. Kwa hiyo mkimbizi anayetaka kutoka huomba kibali. Mimi nililetwa hapo mtoto, kutoka Kivu Kusini, na Kichewa changu ni cha mwenyeji. Mwaka 2023, nilipokuwa nimepata nafasi ya kusoma Lilongwe, serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wote wanaoishi mijini warudi Dzaleka. Ilipofika Mei msako ukaanza. Watu walikamatwa pamoja na watoto wao, na maduka ya miaka mingi yakafungwa kwa siku moja. Kibali changu kilikuwa cha siku chache na masomo ni ya miezi.

Rafiki yangu wa darasani, Mwislamu wa Mangochi, alinihurumia. Akanipa kitambulisho cha taifa cha kaka yake mkubwa aliyefariki mwaka uliotangulia. Tulifanana paji la uso na urefu. Akaniambia, "Chukua, ndugu yangu. Yeye hana haja nacho tena." Nikakichukua. Nilijiambia: nikisema ukweli kwenye kizuizi, nani atanisikiliza?

Nilitembea nacho miezi minne. Siku moja minibasi yetu ilisimamishwa, askari akakusanya vitambulisho. Alisoma changu, akakigeuza, akatabasamu. Kumbe naye ni mtu wa pande zile, na kijiji kile anakifahamu. Akaniuliza kwa upole wa mtu aliyekutana na jamaa ugenini, "Amayi ali bwanji?" Mama hajambo?

Nikajibu, "Ali bwino." Hajambo.

Akanirudishia kadi na kututakia safari njema. Sikuwahi hata kumwona mama huyo. Mwanawe yuko kaburini, nami nimekaa kwenye kiti cha minibasi nikitoa habari za afya yake. Usiku ule nilijiliwaza kwa maneno tuliyozoea kambini: ni kadari tu, Mungu ndiye aliyenifanya mkimbizi, mimi ningefanya nini? Wiki chache baadaye nikaitazama ile sinema, nikamsikia Roberts akisema maneno yangu.

Hili ndilo swali ninalotaka tulitafakari pamoja. Sisi Waislamu tunaamini kadari, heri yake na shari yake. Je, imani hiyo inamtetea Roberts? Inanitetea mimi?

Tuanze na pale anapostahili kutetewa. Mvua hakuileta yeye. Moyo wa Haskell hakuusimamisha yeye. Vivyo hivyo, vita vya Kongo sikuvianzisha mimi, na sheria za kambi sikuziandika. Hapo ndipo kadari inapokuwa dawa: msiba ukishapita, muumini husema Allah amekadiria na amefanya alilotaka, akapoa moyo. Lakini kati ya kifo cha Haskell na gari kuwashwa tena kuna dakika chache ambazo Roberts anazisimulia haraka sana. Ndani ya dakika hizo alivua nguo za maiti. Mvua haikumvua Haskell nguo. Wanazuoni wetu walikwisha kutuwekea mpaka huu zamani: kadari hutajwa katika masaibu yaliyotupata, haitajwi kama hoja ya madhambi tuliyoyachagua.

Qur'ani inatupa mifano miwili mwanzoni kabisa mwa safari ya binadamu. Iblis alipoasi alimwambia Mola wake kwamba Yeye ndiye aliyempotosha. Adam na mkewe (a.s.) walipokosea walisema wamezidhulumu nafsi zao, wakaomba msamaha. Iblis alitaja ukweli mmoja, kwamba hakuna linalotokea nje ya uwezo wa Allah, akaufanya ngao. Sauti ya Roberts, ukiisikiliza vizuri, ndiyo sauti hiyo. Na yangu usiku ule ilikuwa ndiyo hiyo.

Lakini bado kuna hoja yake nzito zaidi: ukweli hautaaminiwa. Msiipuuze hoja hii. Sisi tunaoishi kwa mahojiano tunaijua. Mtu anakaa mbele ya meza na kueleza jinsi kijiji chake kilivyochomwa, na anaulizwa tarehe; akikosea tarehe, ukweli wote unatiliwa shaka. Wapo walioutengeneza ukweli wao uwe mzuri kidogo ili uaminike, na uongo ule mdogo ndio uliowaangusha. Siwahukumu. Nasema tu kwamba Roberts hakukataliwa na polisi. Hakuwahi kuwauliza. Alijihukumu kwa niaba yao, kisha akaishi kama aliyekwisha kuhukumiwa.

Kaab bin Malik (r.a.) alisimama mahali kama hapo. Alibaki nyuma katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, bila udhuru wowote. Mtume (s.a.w.) aliporejea, watu themanini na kitu walikwenda na nyudhuru zao za kubuni, wakapokelewa kwa dhahiri yao. Kaab alikuwa msemaji hodari na alijua angeweza kujinasua. Akasema ukweli. Tafadhali angalieni kilichofuata: hakusifiwa hapo hapo wala hakuachiwa. Alisuswa siku 50, watu hawamsemeshi, hadi ardhi ikambana kwa upana wake, ndipo toba yake na ya wenzake wawili ikateremshwa. Kwa hiyo Uislamu haukuniahidi kwamba nikisema ukweli kizuizini nitapita. Kaab aliulipia ukweli, na waongo walirudi nyumbani kula chakula cha jioni. Tofauti ni kwamba siku 50 za Kaab zilikuwa na mwisho. Barabara ya Roberts haina mwisho, kwa sababu hawezi kurudi kwenye jina lake.

Mwenzangu mmoja alinipinga: na dharura je? Sheria si inahalalisha nyamafu kwa mwenye njaa ya kufa? Ndiyo, na anayeficha jina lake ili asichinjwe ana udhuru ambao mimi sina ulimi wa kuukataa. Ammar bin Yasir (r.a.) alitamka maneno mazito kuliko jina la mtu, chini ya mateso, na moyo wake ukiwa umetulia katika imani. Ila dharura hupimwa kwa kadiri yake. Niliogopa kukamatwa, na hofu ile ilikuwa ya kweli. Lakini mwezi wa tatu nilikuwa nakitoa kitambulisho kile hata pasipohitajika. Njaa ilikwisha, nami niliendelea kula.

Tena nilijiambia kwamba simdhuru mtu, mwenye jina ameshakufa. Basi sikieni. Nilipomrudishia rafiki yangu kadi nilimuuliza, "Mama anajua?" Akanyamaza. Tukampigia simu. Nilimsalimu, nikamweleza kila kitu kwa Kichewa, nikamwomba anisamehe kwa kutumia jina la mwanawe na kwa kumsemea uongo yeye mwenyewe. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema kwamba alikuwa akiitafuta kadi ile tangu matanga. Ilikuwa na picha ya mwisho ya mwanawe.

Miezi minne picha ile ilikuwa mfukoni mwangu.

Alinisamehe, Allah amlipe. Akaniuliza jina la mama yangu na kama yu hai, nikamwambia. Kadi ilipelekwa Mangochi wiki ile ile.

Tangu hapo natembea na kibali kinapopatikana. Kuna mara kimekataliwa, na jaribio moja la muhula uliopita lilinipita nikiwa kambini. Sisemi kwamba sheria hiyo ni ya haki. Naamini si ya haki, na naamini sisi tuliosoma tuna wajibu wa kuisema wazi kwa majina yetu. Hilo nalo aliyebeba jina la mwingine hawezi kulifanya.

Sinema inamalizika Roberts akitembea gizani kando ya barabara, na gari la polisi linasimama kumchukua. Kanuni za Hollywood za wakati ule hazikuruhusu mkosaji aachwe huru. Lakini sikumwona akisema hata mara moja: nimekosa. Wenyeji husema jina Dzaleka, lililoanza na lile gereza, linatokana na neno lao kuleka, kuacha, kama mtu anayeapa kwamba hatarudia. Masharti ya toba tuliyofundishwa madrasa yanaanzia hapo hapo: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na kurudisha haki ya mja kwa mwenyewe. La nne ndilo lililonigharimu simu moja, na ndilo nililokuwa naliogopa kuliko kizuizi.

Wabillahi tawfiq.