Majani Yanayojifunga Kila Jioni



Jua linapoinama pale kambi ya Barranco, upande wa kusini wa Kilimanjaro, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, kila mtu hushika lake. Wapagazi hukaza kamba za mahema. Mpishi huchemsha chai. Wageni hutafuta kofia na soksi za ziada, maana baridi ya huko haimngoji mtu ajiandae. Kandokando yao imesimama mimea isiyo na hema wala blanketi: senesio kubwa, zenye shina nene linalompita mtu kimo na kitita cha majani mapana kichwani. Giza likikaribia, majani hayo huinuka taratibu na kukusanyika kuelekea ndani, yakalifunika chipukizi lililo katikati. Asubuhi hufunguka. Jioni hujifunga tena.

Senesio ni ya ukoo mmoja na alizeti, ingawa ukiitazama hungedhani. Na makao yake ni magumu kwa namna ya peke yake. Katika milima ya Ulaya mimea ina majira: miezi ya theluji ni ya kulala, miezi ya joto ni ya kukua. Karibu na Ikweta si hivyo. Kule juu, mwaka mzima, mchana jua huunguza na usiku maji huganda. Hakuna msimu wa kujificha. Mmea sharti uweze kuishi joto na barafu ndani ya saa 24, na kesho yake vivyo hivyo, miaka nenda miaka rudi.

Humo naona habari zetu. Yako majaribu yanayokuja mara moja. Msiba hutokea, watu hukusanyika, hupika, hulala matanga, kisha maisha huendelea polepole. Lakini mengi yanayotupima hurudi kila siku: neno lile lile la mwenzi wako, ukimya ule ule wa mtoto, jirani yule yule aliyekusingizia na ambaye lazima upite mlangoni kwake ukienda kazini. Je, lako ni lipi, lile linalorudi jioni ukidhani ulishalimaliza asubuhi?

Watafiti wameuchunguza mmea huu kwa makini, nami sichoki kuyastaajabia waliyoyaona. Majani yake yakifa hayaanguki. Hubaki yamelizunguka shina na kulikinga lisigande, kwa sababu ndani yake mna akiba ya maji ambayo majani mabichi yatayahitaji jua likichomoza huku ardhi ingali imeganda. Na barafu ikipenya hadi kwenye jani lenyewe, hutanda katika nafasi zilizo nje ya seli, seli zikabaki hai.

Senesio ilijifunza wapi haya? Hakuna mmea mmoja uliojifunza. Mbegu iliyopeperushwa hadi kwenye baridi haiwezi kukusudia kuwa kitu kingine. Kinachotokea ni cha polepole zaidi. Mbegu za mama mmoja hazifanani. Kila moja imebeba vinasaba vyenye tofauti ndogo ndogo. Baridi ikizikuta, zile zenye tofauti inayofaa huishi na kuzaa, na uzao wake huirithi. Vizazi vikipita kwa maelfu, ukoo mzima hubadilika. Mwaka 1995 Eric Knox na Jeffrey Palmer walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya senesio hizi. Kwa makadirio yao, safari ilianzia Kilimanjaro yapata miaka milioni moja iliyopita, kisha mbegu zikaifikia milima mingine mirefu ya Afrika Mashariki, Mlima Kenya na Elgon na hata Rwenzori, na kila mahali zikazoea upya.

Niruhusu nivuke hadi Ulaya kidogo, kwa kuwa huko nimekuta jambo lililonigusa zaidi. Kuna mmea mdogo uitwao Arabidopsis arenosa, ndugu wa mbali wa kabichi na sukuma wiki. Aghalabu huishi chini, kwenye miteremko yenye mawe. Lakini katika Alps na katika safu kadhaa za milima ya Carpathia, huko Slovakia na Romania, umepanda hadi mahali ambapo miti haioti tena, kila safu kwa safari yake. Watafiti walipozipanda mbegu za juu na za chini katika mazingira yaleyale, wakazitunza sawasawa, miche ya juu iliendelea kuwa mifupi. Ufupi huo ulikuwa urithi. Na walipovisoma vinasaba, walikuta kwamba mara kwa mara milima tofauti imetumia jeni zile zile, na kwamba nyingi za tofauti hizo hazikuanzia kileleni. Zilikuwepo kabla ya safari, zimetawanyika katika halaiki ya mimea ya kawaida, huu una hiki na ule una kile, wala hapakuwa na haja nazo mpaka baridi ilipokuja.

Ndivyo ilivyo hata kwetu. Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo, kijana aliyeelekea kuwa na woga, hakuanza kwa kumwambia ajikaze. Alimkumbusha kwanza imani iliyokaa ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Nawe, mpendwa, huenda unahangaika kutafuta nguvu ya kusamehe ilhali uliwahi kuiona kwa macho yako: shangazi aliyempokea tena mtoto aliyemwibia, mzee wa kanisa aliyeomba radhi mbele ya watu bila kujitetea. Ulikuwa mdogo na hukulihitaji jambo hilo siku ile. Ni nani aliyekuonyesha? Unaweza kumtaja kwa jina?

Najua wako wasio na wa kumtaja, waliokulia katika nyumba ambamo kisasi kilikuwa ndiyo lugha. Kwao nasema hivi. Kwenye Mlima Kenya, senesio za aina mbili zinapokutana huzaliana na kutoa chotara, na mmea hupata kutoka ukoo mwingine kile ambacho ukoo wake haukuwa nacho. Kanisa liliwekwa hivyo. Keti karibu na mtu mpole. Mtembelee. Mwombe akusimulie alivyovuka.

Lakini liko jambo ambalo sitaki likupite. Mlima huchuja. Kwa kila senesio iliyofikia kimo cha mtu, iko miche mingi iliyokufa ingali midogo, na ndivyo ukoo ulivyozoea baridi. Nimewahi kusikia habari ya namna hii ikigeuzwa mahubiri, kwamba wenye imani husimama, dhaifu huanguka, na kwa njia hiyo Mungu hulisafisha kundi lake. Siwezi kulikubali fundisho hilo. Katika Luka 22, Yesu anamwambia Petro kuwa anayetaka kuwapepeta ni Shetani. Yeye mwenyewe amemwombea. Alijua Petro ataanguka usiku uleule, na kabla hajaanguka alishampa kazi ya kufanya atakaporejea, yaani kuwaimarisha ndugu zake. Kwa hiyo kama wiki hii umekasirika pale pale ulipokasirika wiki jana, hujatupwa. Unaombewa. Na kazi yako bado ipo.

Katika Waefeso 4 Paulo anaomba hasira isivuke machweo ya jua. Zamani niliona ni agizo lisilowezekana, kwa maana majeraha mengine hayaponi kwa siku moja. Sasa nalisoma kwa utulivu zaidi. Msamaha wa jioni ni mdogo. Haudai umalize kisa chote, wala usahau, wala urudi mahali unapopigwa. Anayekuumiza unaweza kumsamehe ukiwa mbali naye, na ni haki yako kuwa mbali. Unachoombwa ni kuikinga ile sehemu yako changa, inayoendelea kukua, isigandishwe na chuki usiku wa leo. Kesho jioni utaombwa tena hilohilo.

Basi leo, kabla hujazima taa, litaje jina la aliyekuumiza mbele za Bwana, hata kama hisia zako hazijakubali. Kama ni mtu ambaye ni salama kuzungumza naye, mpigie simu. Asipopokea, jaribu tena kesho.