Ndiye Huyu

Jioni hiyo kulikuwa na jam na mvua ya rasharasha. Nilikuwa nimekaa kando ya dirisha, simu mkononi, nikijibu ujumbe ambao ungeweza kungoja. Kama umeishi Nairobi hata miezi sita, unajua kilichofuata. Mkono uliingia dirishani, simu ikaenda. Sekunde moja, labda hata haikufika. Niliruka kutoka kitini nikipiga nduru, "Mwizi! Mwizi!" na kabla sijashuka matatu vizuri, watu walikuwa wameshamshika mtu.

Alikuwa kijana mwembamba, amevaa hudi nyekundu. Jamaa mmoja wa boda alimkamata shingoni, akamgeuza anitazame.

"Siste, ni huyu?"

"Ndiye huyu," nikasema.

Nataka uelewe kwamba sikudanganya. Niliuona ule mkono. Niliiona nguo nyekundu ikitoka dirishani na simu yangu. Ungenipa Biblia hapo hapo ningeapa. Kofi la kwanza likatua, la pili, na nyuma ya umati mtu akaanza kuuliza kama kuna tairi.

Aliyemwokoa ni mama wa mahindi choma. Alipenya katikati ya watu, kipande cha katoni cha kupepea jiko bado kiko mkononi, akasema, "Huyu nimemuuzia mahindi sasa hivi. Amesimama kwangu tangu hii gari ifike. Chenji yake ndiyo hii, sijampa." Kweli, hindi lilikuwa chini kwenye matope, limeng'atwa mara mbili tu. Watu walimwachilia shingo upande. Kijana alijipangusa damu mdomoni, akanitazama, akaenda zake. Sikumwomba msamaha. Konda alikuwa anaita, gari inaondoka.

Simu nilishaisahau. Kitu ambacho sijasahau ni hiki: nilisema jambo la uongo, bila kudanganya, na mtu angekufa. Sasa hatia yangu ni ipi? Kama nilisema nilichokiona, kuna kosa gani?

Mwaka uliofuata, kampasi, nilichukua kozi ya utangulizi wa saikolojia kwa sababu tu ilitoshea kwenye ratiba. Siku moja mhadhiri alituambia tuchore X upande wa kushoto wa karatasi, na nukta nene upande wa kulia, kama sentimita nane kutoka kwenye X. Hebu jaribu na wewe. Funika jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia, ikazie macho ile X, kisha usogeze karatasi polepole kuelekea usoni. Ukifika mahali fulani, kama sentimita thelathini hivi, nukta inapotea. Haipo kabisa.

Sababu yake ni rahisi. Mahali neva inapotoka nyuma ya jicho kuelekea ubongo hakuna seli za kupokea mwanga. Kila jicho lina shimo. Mfaransa Edme Mariotte ndiye aliyelieleza, katika miaka ya 1660. Kabla yake watu walikuwa wamelindana, wamewinda, wamependana na kushtakiana kwa karne na karne bila kujua kwamba macho yao yana shimo.

Lakini kilichonitoa jasho ni kile unachokiona nukta ikishapotea. Huoni giza wala tundu. Unaona karatasi nyeupe, safi. Ubongo umechukua weupe wa pembeni ukapiga kiraka, na haukukuambia. Haukusema, "Samahani, hapa sina habari." Umekupa kiraka kwa uhakika ule ule unaokupa nao ukweli.

Kiswahili kina jina zuri la macho, masikio, pua, ulimi na ngozi: milango ya fahamu. Nimelitafakari sana hilo jina. Mlango kazi yake ni kuingiza. Mwanga unagusa jicho, mtetemo wa hewa unagonga ngoma ya sikio, na vyote vinageuzwa kuwa ishara za umeme. Hizo ni hisi. Lakini kuamua kwamba aliyeingia ni nani, rafiki au mwizi, hiyo ni kazi ya aliye ndani ya nyumba, na huyo anafanya haraka, akitumia mazoea, woga, na vipande vichache alivyopewa. Mwanasayansi Mjerumani wa karne ya 19, Hermann von Helmholtz, alisema kuona kwetu kuna hitimisho ndani yake, hitimisho tunalolifanya bila kujua tunalifanya. Kwa maneno mengine, tunakisia, halafu tunauita ukisiaji huo macho.

Miezi kadhaa baadaye nilipanda matatu yenye zile taa za buluu na rafiki yangu aliyejifunga skafu nyekundu. Alipokaa, skafu ikawa kama nyeusi. Nilimtazama hadi akauliza kama ana kitu usoni. Nguo nyekundu ni nyekundu kwa sababu inarudisha mwanga mwekundu. Chini ya taa ya buluu haina chochote cha kurudisha.

Na matatu ya ile jioni ilikuwa na taa za buluu.

Kwa hiyo ule wekundu niliupata wapi? Sikuupata dirishani. Niliupata kwa yule kijana, alipogeuzwa anitazame. Ubongo wangu uliuchukua kwenye hudi yake, ukarudi nyuma sekunde thelathini, ukaupaka kwenye mkono ambao haukuwa na rangi yoyote ninayoweza kuikumbuka. Kisha ukaniambia, uliona.

Si mimi peke yangu. Mwaka 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer huko Marekani walionyesha watu filamu ya ajali ya magari, kisha wakawauliza yalikuwa yakienda kasi gani. Wengine waliulizwa magari "yalipogongana", wengine "yalipopondana". Wiki moja baadaye waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Walioulizwa kwa neno kali walisema ndiyo zaidi ya mara mbili ya wenzao. Filamu haikuwa na kioo chochote kilichovunjika.

Huko huko Marekani, mwaka 1984, mwanafunzi Jennifer Thompson alibakwa katika jimbo la North Carolina. Wakati anatendewa unyama ule alijilazimisha kuusoma uso wa mbakaji, ili akiokoka amtambue. Alimchagua Ronald Cotton kwenye picha, kisha kwenye gwaride la utambuzi. Hakuwa na shaka. Cotton alikaa jela zaidi ya miaka kumi, hadi vipimo vya DNA vilipoonyesha mwaka 1995 kwamba mbakaji alikuwa mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa ameletwa mahakamani mbele ya Thompson kabla ya hapo, na hakumtambua.

Najua utakaloniuliza. Sasa tuwaambie waathiriwa wanyamaze? Kila anayesema "alinitendea hivi" tumjibu ubongo wako umepiga kiraka? Hapana, na kisa hicho chenyewe kinatupa jibu. Thompson alibakwa kweli. Simu yangu iliibwa kweli. Shaka haikuwa katika "imetendeka". Ilikuwa katika "ni yule". Hizo ni kauli mbili, na mtaani tunazimeza kama moja. Na mara nyingi aliyekutenda ni mtu unayemjua, jirani, mjomba, bosi. Hapo hakuna uso wa kukisia. Hatari iko kwa mgeni, gizani, kwa sekunde moja, moyo ukienda mbio.

Mahakama zetu zilishaliona hili. Mwaka 1953, katika kesi ya Abdala bin Wendo, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema ushahidi wa mtu mmoja unaweza kuthibitisha jambo, lakini utambuzi wa shahidi mmoja lazima upimwe kwa uangalifu mkubwa, hasa mazingira yakiwa magumu. Mahakama za Kenya bado zinaitaja kesi hiyo. Lakini umati hauna rufaa. Pale barabarani mimi nilikuwa shahidi, hakimu, na karibu niwe kiberiti.

Basi hatia yangu ni ipi? Kukosea hakukuwa hatia. Macho yangu ndiyo niliyopewa, na yanafanya kazi kama yako. Nafikiri kosa langu lilikuwa kuichukua hisia ya uhakika nikaitoa kama ushahidi. Uhakika ni hisia, kama njaa au hasira. Unaelezea hali yangu mimi. Hauelezi chochote kuhusu yule kijana. Nilikuwa na neno moja la kweli mdomoni, "nimeibiwa", na ningeishia hapo. Nilipoulizwa swali la pili, jibu la haki lilikuwa "sijui". Nililiona ni jibu la mtu mjinga, na watu wote wananingoja.

Namfikiria sana yule mama. Hakusema "huyu si mwizi", angejuaje? Hakuhubiri, hakunitukana. Alisema alichouza, aliyemuuzia, na chenji aliyokuwa nayo mkononi. Alisimama ndani ya kile alichokijua na hakuongeza hata hatua moja, mbele ya wanaume waliokuwa wakitafuta tairi.

Siku hizi nikisema "niliona", huwa najiuliza kwanza taa zilikuwa za rangi gani. Yule kijana hatajua hilo. Sura yake ningependa kukwambia naikumbuka vizuri, lakini nimejifunza kutoapa.