Aliyebakiza Mzunguko Mmoja

Zipo huruma ambazo, ukizichunguza vizuri, utaona kwamba ndani yake mna dharau. Nasema hivyo kwa kuwa mimi mwenyewe nimewahi kumtendea mtoto huruma ya namna hiyo.

Ilikuwa jioni hapa Ulemo, wilayani Iramba. Vijana walikuwa wakishindana kukimbia kuzunguka kiwanja. Wote walipokwisha kumaliza, msichana mmoja alikuwa amebakiza mzunguko mzima. Watazamaji wakaanza kucheka. Nikamwita, "Inatosha mwanangu, njoo upumzike." Akatoka ameinamisha kichwa, na tangu siku ile hakuonekana tena kiwanjani.

Nilidhani namwepusha na aibu. Kumbe nilikuwa nimekubaliana na wale waliocheka, kwamba asiyeshinda hana kazi uwanjani.

Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, naye alikuwa wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Je, angekuwapo pale mtu mwenye huruma kama yangu, akamtoa njiani?

Pengine utasema, ndugu msomaji, kwamba kinachompa kijana moyo ni ushindi. Ni kweli, tulifurahi sana mwaka 2025, Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wetu wa Singida, alipotwaa dhahabu ya dunia kule Tokyo. Lakini alimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 tu za mia za sekunde. Kujiamini kwa binadamu hakuwezi kutegemea kitu chembamba kiasi hicho.

Nionavyo mimi, kujiamini huota pale kijana anapojiahidi jambo gumu na kulitimiza kwa mwili wake mwenyewe. Wasichana wetu hubeba ndoo za maji, hivyo nguvu wanazo. Lakini ndoo ni agizo la mama. Mzunguko ule aliuchagua yeye. Na katika umri ule, mwili unapobadilika hata mwenyewe akauona mgeni, kukimbia ni njia ya kuzoeana nao.

Baadaye nilimwendea kumwomba radhi. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Babu, ule mzunguko ungenichukua dakika ngapi?"

Sikuwa na jibu.